Mikono Mingi, Shahada Moja

Pendekezo lako la utafiti limenifikia na nimelisoma lote, pamoja na michoro yake ya rangi. Umeniomba nikuambie ukweli, basi usinune. Mimi ni mzee niliyestaafu, na wanafunzi niliowasindikiza mpaka kwenye joho ni wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka kwa majina. Wapo waliofika, wapo walioishia njiani wakiwa na akili kukushinda wewe na mimi. Nitakuambia haya taratibu, maana kelele sina tena nguvu nazo.

Unataka kukusanya miswada ya tenzi zote za pwani ya kaskazini, toka Pate mpaka Mombasa. Unataka kuipiga picha, kuifundisha kompyuta kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kuingiza maandishi yake kwenye hifadhidata, kuchambua msamiati na mizani, kujenga tovuti, na baada ya hayo yote kuandika tasnifu. Miaka mitatu. Mtu mmoja. Ufadhili wa kubana.

Neno langu ni moja, na mengine yote yatakayofuata ni matawi yake. Kazi ya insia za kidijitali ni ya mikono mingi na miaka mingi. Shahada ya uzamivu ni ya mtu mmoja na miaka michache. Vitu hivi viwili havipatani vyenyewe. Wewe ndiye utakayevipatanisha, na wakati wa kuvipatanisha ni sasa, vikiwa bado kwenye karatasi, kabla hujasaini chochote wala hujamwahidi mtu.

Watu wa fani hii hupenda kuanza historia yao na Roberto Busa, padri Mjesuiti wa Italia, na wewe umemtaja katika ukurasa wa kwanza. Lakini umemsimulia nusu. Busa alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kama wewe. Alikuwa akichunguza dhana ya uwepo katika maandishi ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akaona kwamba dhana ile imejificha kwenye kineno kidogo cha Kilatini chenye maana ya "katika". Akaketi akaandika kadi kwa mkono, sentensi moja kila kadi, mpaka zikafika 10,000. Kwa kadi hizo alitetea tasnifu yake mwaka 1946. Mashine hakugusa.

Mashine zilikuja baadaye. Mwaka 1949 alikwenda New York kuonana na Thomas J. Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akaomba msaada wa kuorodhesha kila neno la Tomaso na la waandishi wa karibu naye, jumla kiasi cha maneno milioni 11. Kazi hiyo ilichukua kama miaka 30 na ikachapishwa katika majalada 56. Waliotoboa kadi za mashine, moja baada ya nyingine, walikuwa wasichana wa Kiitalia waliofunzwa kazi hiyo mjini Gallarate. Majina yao hayakuandikwa popote pa kuonekana. Ni miaka ya hivi karibuni tu ambapo watafiti kama Melissa Terras na Julianne Nyhan wameanza kuwatafuta na kuwarudishia haki yao.

Umeona sasa? Kilichompa Busa shahada ni swali dogo lenye mipaka. Ile faharasa kubwa ilikuwa kazi ya umri mzima, yenye kampuni tajiri nyuma yake na vidole vya watu wengi ndani yake. Pendekezo lako linataka vyote viwili kwa pamoja, tena kwa posho ya mwanafunzi.

Wala usidhani haya ni mambo ya Ulaya. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika na kuyafafanua kwa ajili ya mmisionari Mwingereza, William Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia katika maktaba ya SOAS, London. William Hichens akatoa diwani Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979. Toka kifo cha mshairi mpaka kitabu hicho ni miaka 139, na hakuna hata mmoja katika mlolongo ule aliyeifanya kazi yote. Kila mtu alishika kipande chake, akamkabidhi aliyefuata. Ila tazama na hili: mkusanyo ule huitwa wa Taylor. Bila Sikujua, Taylor angekuwa na karatasi tupu. Neno hili nitalirudia nikifika kwenye habari za wazee wako wa Lamu.

Sasa tuingie kwenye mswada wenyewe, maana hapo ndipo ulipopita mbio. Umeandika, kwa sentensi moja tu, kwamba "programu itafundishwa kusoma hati". Sentensi hiyo ina miaka miwili ndani yake.

Chukua herufi moja, be. Waandishi wetu wa zamani walizitumia herufi za Kiarabu kama walivyozikuta. Kiarabu hakina p, basi be ikabeba b na p, na mara nyingi ikabeba mb na mp pia, kwa sababu ile m ya mbele haikuandikwa. Irabu nazo ni tatu: fatha ni a, kasra ni i na pia e, dhumma ni u na pia o. Kwa hiyo ukikuta be yenye kasra, mbele yako una bi, be, pi, pe, mbi, mbe, mpi na mpe. Ni njia nane za kusoma alama moja. Zikifuatana mbili za namna hiyo, njia ni 64.

Tuseme umekuta be na kafu, zote zina fatha. Ni baka? Ni paka? Ni mpaka? Yote ni maneno ya Kiswahili. Programu itakupa lile ililokutana nalo mara nyingi zaidi huko ilikofundishwa, na itakupa bila kusita wala kuona haya. Mzee aliyekulia kwenye tenzi hafanyi hivyo. Yeye anahesabu. Kipande cha utenzi kina mizani nane. Paka ni mizani mbili. Mpaka ni tatu, kwa kuwa ile m inasimama peke yake. Kipande kikiwa kimeshatimiza sita, nafasi iliyobaki ni ya paka au baka. Kikiwa na tano, ni mpaka. Utata ukibaki, anauliza ubeti unazungumza nini na uliotangulia ulisema nini. Huo ndio usomaji, mwanangu, na unafanyika kwa muda ambao mtu anavuta pumzi, kwa sababu nyuma yake kuna miaka ya kusikiliza.

Kompyuta ni kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi juzuu nzima bila kujua maana yake: sauti safi, hakosi herufi wala kituo, lakini ukimuuliza aya inasema nini anakukodolea macho. Mtoto halaumiwi kwa hilo. Mwalimu wake ndiye anayeulizwa. Na wewe ukitaka kuwa mwalimu wa mashine, ni lazima uwe unajua zaidi yake. Kabla hujaifundisha ukurasa mmoja, nakili kwa mkono wako mwenyewe beti mia moja, kutoka mswada hadi herufi za Kirumi, kisha mkalishe mjuzi wa hati akusahihishe. Utaona ni wapi unababaika. Mahali unapobabaika wewe ndipo itakapoteleza mashine, tofauti ni kwamba yenyewe haitakuambia.

Na hapa niseme jambo jema, maana nisije nikaonekana nakuvunja moyo. Katika ukurasa wa mwisho, kwenye kiambatisho, umeandika aya moja fupi: kwamba mizani na vina vinaweza kuisaidia programu kuchagua kati ya usomaji mmoja na mwingine. Nilisoma aya ile mara mbili. Kanuni ambazo mtunzi alijiwekea zamani ziwe ndizo zinazoiongoza mashine ya leo pale macho yake yanapofika mwisho. Hiyo ndiyo tasnifu yako. Ina swali, ina mpaka, inahitaji mtu anayejua utenzi na anayejua programu pia, na inaweza kukamilika ukiwa bado kijana. Mengine yote uliyoyatanguliza mbele yake ni mapambo, nawe umeweka mapambo sebuleni, mwenye nyumba ukamficha ua wa nyuma.

Tukitoka kwenye kusoma tuje kwenye kuhesabu. Ule mchoro wako wa maneno makubwa na madogo, wenye "na", "ya", "wa" na "kwa" zimejaa katikati kwa rangi nyekundu, unatuambia kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili. Hilo tulikuwa tunalijua. Tatizo ni kwamba programu uliyotumia imezoea Kiingereza, inakata maneno kwenye nafasi tupu. Kwake yeye "nampenda", "hakumpenda", "walivyopendana" na "apendaye" ni wageni wanne wasiojuana. Mtunzi anaweza kuimba mapenzi utenzi mzima, na jedwali lako likaonyesha hakuyataja zaidi ya mara moja moja. Kiswahili kinabeba sentensi ndani ya kitenzi. Asiyeanza kwa kukifungua kitenzi anahesabu maganda.

Kazi ya kukifungua ilishaanzwa. Arvi Hurskainen, Mfini, ameishughulikia toka miaka ya 1980 huko Helsinki, na mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotokana na juhudi zake una kiasi cha maneno milioni 25. Utumie, na umshukuru. Lakini ujue umejaa lugha gani: sehemu kubwa ni Kiswahili sanifu cha magazeti. Ukiupelekea "mato" kwa maana ya macho, au "nti" kwa maana ya nchi, utakuambia haujui. Basi utahitaji orodha yako ya maneno ya Kiamu na Kimvita, na orodha hiyo haipakuliwi mtandaoni. Inapatikana barazani, kwa kukaa na watu ambao maneno hayo ni ya kila siku kwao.

Hapo nimefika kwa wenyewe, na katika mawaidha haya yote, ukisahau mengine, hili lishike.

Miswada ina wenyewe. Mingine iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwamo ile iliyokusanywa na J. W. T. Allen, ambaye orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Mingine iko SOAS. Mswada mkongwe wa Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uko Hamburg. Mingine imebaki Lamu, na ile ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Mpango huo una sharti ninalolipenda: mswada hauondoki katika nchi yake, kinachosafiri ni nakala. Na mingine, ambayo pendekezo lako linaihesabu kana kwamba imeshakubali, iko kwenye masanduku na makabati ya watu, imefungwa kwa kitambaa, na anayejua ufunguo uliko ni bibi mmoja tu.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI ukiwa Kenya, au cha COSTECH ukivuka Tanzania, kinakufikisha mlangoni. Kuingia ni hisani ya mwenye nyumba. Usiende na skana siku ya kwanza. Nenda na salamu, kaa, kunywa kahawa, sema umetumwa na nani na watu wako ni nani. Na yale maneno ya "kuokoa urithi unaopotea" yaache kwenye fomu za wafadhili. Usimtamkie mtu ambaye yeye, na mama yake, na mama wa mama yake, wameulinda urithi huo na mchwa na chumvi ya bahari kabla wewe hujazaliwa. Atakutazama, atakupa chai, na hutauona mswada.

Halafu ujue kwamba sanduku halina utenzi peke yake. Ndani yake mna hati za madeni, talaka, wasia, barua za ndugu waliogombana, hata karatasi za kuuza na kuachia watumwa, na majina yametajwa. Kitukuu wa huyo aliyetajwa anauza samaki sokoni na unamjua. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Zisome zote mbili. Lakini sheria hizo zinawaangalia zaidi walio hai, na aibu ya ukoo haina tarehe ya kuisha. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha, kubalianeni kwa maneno mepesi: kipi kinapigwa, kipi kinaachwa, nani ataona, na kama familia itabadili mawazo mwakani, wewe utafanya nini. Andika makubaliano hayo, waachie nakala yao.

Nakala ya kazi yako nayo uwaachie kwa namna wanayoweza kuitumia. Bibi wa Mtaa wa Langoni hatafungua tovuti yenye nywila. Mchapishie kitabu, kipigwe jalada gumu, mswada ukurasa wa kulia na herufi za Kirumi ukurasa wa kushoto, na jina la mzee wake lisomeke wazi. Gharama yake ni ndogo kuliko tiketi ya kongamano moja.

Na yule mjuzi atakayekaa nawe siku nyingi akikusahihishia hati, mlipe. Weka fungu lake kwenye bajeti, tena uliite malipo, usiliite shukrani. Muulize kama angependa jina lake litajwe, na kama angependa, litaje pale linapoonekana, katika makala na katika hifadhidata, awe mwandishi mwenzako pale kazi yake ilipofikia hapo. Mkono mmoja haulei mwana, lakini kwenye cheti cha ubatizo wa vitabu vyetu mara nyingi huandikwa mzazi mmoja tu. Huyo unayetaka kumpa soda na ahsante ndiye Sikujua wako.

Sasa daftari. Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa wameona diski ya kompyuta. Nimeletewa kazi za wanafunzi zenye picha maelfu, majina yake IMG_4471, IMG_4472, na kuendelea. Picha safi, mwanga mzuri, na hakuna anayejua ni ya nyumba gani, ukurasa wa ngapi, nani alitoa ruhusa. Mwenye kujua alikuwa mwanafunzi mwenyewe, naye ameshaajiriwa benki. Kila picha ipewe jina siku ile ile ilipopigwa, jioni, kabla ya kulala: mji, mmiliki kwa namba ya siri kama hataki kutajwa, mswada, ukurasa, tarehe. Jedwali moja la kawaida linatosha. Ukichelewa wiki moja, utakuwa unakisia.

Maandishi yenyewe yahifadhi kwa namna nyepesi isiyotegemea programu ya kununua. Ufuate mwongozo wa TEI, ambao watu wa maandishi wameutengeneza pamoja toka mwaka 1987, maana una njia ya kuandika kwamba hapa nimesoma paka lakini inawezekana ni mpaka. Usomaji uliokataliwa usiufute. Mwenzako wa kesho huenda akaona wewe ndiye uliyekosea. Weka nakala tatu, moja iwe mbali na nyumbani kwako. Mwisho wa kazi, kile ambacho wenyewe wameridhia kionekane, kiweke kwenye hazina ya chuo chako na kwenye hazina ya wazi kama Zenodo, iliyoanzishwa na CERN mwaka 2013, upate anwani ya kudumu.

Kuhusu tovuti nitasema kwa ufupi. Tovuti ina kodi ya nyumba. Kila mwaka kuna seva ya kulipia, programu za kusasisha, na wezi wa mtandaoni wa kufukuza. Ufadhili wa mwanafunzi una tarehe ya mwisho, seva haina. Nimeona tovuti nzuri za miradi yenye fedha kukushinda, leo ukizifungua unakuta tangazo la kamari. Kilichosalimika ni kile kilichowekwa maktaba kwa faili za kawaida. Tovuti iondoe.

Nije kwenye chuo, maana huko nako kuna mitego. Ukisajiliwa idara ya Kiswahili, msimamizi wako atajua utenzi na atakuogopa ukifungua kompyuta. Ukisajiliwa sayansi ya kompyuta, msimamizi atakusifia programu na hatajua kwamba umesoma ubeti upande. Omba wawili, mmoja kila upande, na uwakutanishe chumba kimoja mwanzoni kabisa, wakuambie mbele ya kila mmoja wanachokitarajia. Ukiwaacha waonane mara ya kwanza siku ya utetezi, watagombana, na nyasi zitakazoumia ni wewe. Uliza pia, kwa maandishi, kanuni za chuo zinasemaje: je, programu na hifadhidata zinatahiniwa, au kinachotahiniwa ni tasnifu peke yake? Katika vyuo vingi vyetu ni tasnifu peke yake. Basi miezi utakayotumia kwenye programu lazima igeuke sura za kusomeka, la sivyo kwa watahini haikuwapo.

Watahini watakuwa na maswali mawili. Wa upande wa fasihi atauliza: tumejua nini juu ya utenzi huu ambacho hatukukijua? Usimjibu kwa michoro. Mjibu kwa beti: hapa waliotangulia walisoma hivi, mizani inakataa, na tukisoma vile maana inafunguka. Beti chache za namna hiyo zina uzito kuliko jedwali la kurasa ishirini. Wa upande wa kompyuta atauliza programu yako inakosea mara ngapi. Mjibu kwa namba, bila kupamba, na namba hizo zitoke kwenye kurasa ambazo programu haijapata kuziona, tena za mwandishi mwenye mkono tofauti. Anayeipima programu kwa kurasa zile zile alizoifundishia anampa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu. Tenganisha makosa ya herufi na makosa ya maneno, kisha uonyeshe ni mangapi yamepungua mizani ilipoingia. Tofauti hiyo, hata ikiwa ndogo, ndiyo mchango wako. Isipopungua hata kidogo, nalo ni jibu, liandike.

Usiifanye kazi hii peke yako ingawa cheti kitakuwa cha peke yako. Vijana wa Masakhane, toka mwaka 2019, wanajenga zana za lugha za Afrika kwa kusaidiana, na hawamfukuzi anayeuliza swali la kijinga. Afrika Kusini kuna SADiLaR, inayoshughulika na rasilimali za kidijitali za lugha. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina kituo kilichozaliwa na ushirikiano na Bayreuth, Ujerumani, katika mradi mkubwa wa taaluma za Afrika. Gonga milango hiyo. Ukipata nafasi ya kwenda nje, nenda, ila usiondoke kabla hujamaliza kukaa na wazee. Maktaba ya Ulaya itakungoja, imejengwa kwa mawe. Mzee hangoji.

Na tumbo nalo. Fedha zitachelewa, umeme utakatika skana ikiwa katikati ya ukurasa, na kuna mwaka mmoja, kwa kawaida wa tatu, ambao rafiki zako watakuwa wameoa, wameolewa, wamejenga, nawe unasahihisha tanbihi. Mwaka huo usiamue jambo kubwa. Nafasi za kufundisha vyuoni ni chache, sitakudanganya; lakini mtu anayeweza kupanga nyaraka, kusafisha data na kuandika Kiswahili kinachosomeka hakosi pa kuanzia. Kwa hiyo jifunze vitu hivyo vizuri, usivifanye kama adhabu iliyo njiani kuelekea joho.

Basi chukua kalamu nyekundu. "Tenzi zote" ikate. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, una beti 102. Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli una zaidi ya 4,000. Tafuta mmoja wa kati, ambao haujachoshwa na wasomi, wenye nakala zilizoandikwa na mikono miwili au mitatu tofauti, na angalau nakala moja ambayo wenyewe wamekwisha kuridhia isomwe. Ile aya ya kiambatisho ipandishe iwe swali la utafiti. Mwaka wa kwanza ni wa kusoma na kukaa na watu, wa pili ni wa kunakili na kufundisha programu, wa tatu ni wa kupima na kuandika, na omba wa nne mapema kabla hujauhitaji. Kwenye bajeti ongeza malipo ya mjuzi wa hati na gharama za kitabu cha wenyewe.

Tenzi nyingine ulizotaka kuzibeba hazitapotea kwa sababu wewe umezipisha. Atakuja mwingine, na akikuta kazi yako ina daftari, ina majina, na makosa yake yameandikwa wazi, ataanzia ulipoishia wala hatarudi mwanzo. Niletee pendekezo jipya kabla ya kikao cha idara, kurasa kumi zinatosha. Likija na tovuti ndani yake, nitalirudisha bila kulisoma.